Binti anakwenda kusomea ukungu: jibu kwa mama wa Newala

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Binti yangu amemaliza kidato cha sita, mchepuo wa CBG (kemia, biolojia na jiografia), na amepata nafasi Sokoine kule Morogoro kusoma sayansi ya chakula. Mwenyewe anasema akifika mbele atachukua mambo ya vijidudu vya mazao na usalama wa chakula. Baba yake anacheka, anasema tunauza korosho ili mtoto akasomee ukungu, kitu ambacho hapa nyumbani tunakitupa. Naomba unieleze kazi yenyewe ni ipi, huku kusini ipo au ndiyo atapotelea Dar es Salaam, na hivyo vijidudu havitamdhuru? (Mama wa Newala)

JIBU: Marahaba, mama. Baba yake usimgombeze, hajakosea sana. Nimeifanya kazi hii zaidi ya miaka 20, na ukinivua vyeo vyote kinachobaki ni hichohicho: mtu anayetazama ukungu. Ila hapo aliposema "tunakitupa" ndipo ninapomkatalia. Ungekuwa unatupwa kweli, mimi leo ningekuwa mvuvi Msimbati.

Tuanze na karanga, maana najua mnazo. Zimeng'olewa mwezi wa nne au wa tano, zimekauka, maganda yamekuwa magumu. Kuzibangua kwa vidole ni adhabu. Ukifika nusu debe, ncha za vidole zinawaka moto. Basi jioni mtu anazinyunyizia maji kidogo, anazifunika kwa gunia, asubuhi ganda limelegea na kazi inakwenda. Nimeliona hilo Nanyumbu, nimeliona Nachingwea, na mama yangu mzazi alilifanya mbele ya macho yangu. Wala si ujinga. Ni akili ya mtu ambaye vidole vinamuuma na watoto wanasubiri kula. Lakini usiku ule mmoja chini ya gunia, kwa joto hili la kwetu, ndio anaoutafuta kuvu mmoja aitwaye Aspergillus flavus. Alikuwepo tangu shambani, kwenye udongo, ametulia. Wewe umempa maji na blanketi.

Punje hiyo ukiileta maabara, tunaiweka kwenye kisahani chenye chakula cha kuvu. Chakula chenyewe tunakipika: maji ya viazi mviringo, sukari, na agari, ambayo ni ute wa mwani unaogandisha maji. Siku ya kwanza huoni kitu. Ya pili kuna utando mweupe kama pamba. Ya tatu au ya nne katikati panageuka kijani chenye manjano, vumbi laini, ungedhani mtu amenyunyizia unga wa mlonge. Mwanafunzi mgeni anaona uchafu. Akikaa nao anaanza kuwajua kwa sura, kama wewe unavyojua mbuzi wako kwenye kundi la kijiji: huyu ni flavus, yule mweusi ni ndugu yake, yule wa kibuluu ni ukoo mwingine kabisa. Binti yako atafika hapo, na siku hiyo atakupigia simu usiku kukueleza, nawe itakubidi umsikilize.

Kuvu mwenyewe si shida kubwa. Shida ni sumu anayoitoa, hii inayoitwa sumukuvu. Haina harufu, haina ladha, na haitoki kwa kuchemsha. Kukaanga kunaipunguza tu. Ukiitoa kwenye karanga na kuimulika kwa taa ya urujuanimno inawaka. Zile aina zinazowaka rangi ya buluu zikapewa herufi B, na zinazowaka kijani zikapewa G, kwa majina ya Kiingereza ya rangi hizo. Mbaya kuliko zote ni B1. Kidogo kidogo kwa miaka mingi inaleta saratani ya ini; nyingi kwa mkupuo inaua ndani ya siku chache. Mwaka 2016 watu 68 waliugua katika mikoa ya Dodoma na Manyara, 20 wakafariki, na chanzo kilikuwa mahindi ya nyumbani kwao wenyewe. Kenya mwaka 2004 waliugua 317, wakafa 125.

Nikiwa mtoto wa Nachingwea siwezi kupita hapa bila kusema jambo moja. Bandari ya Mtwara na ile reli iliyokuja kung'olewa vilijengwa kwa ajili ya karanga. Baada ya vita kuu ya pili Waingereza walipungukiwa mafuta ya kula, wakaja na matrekta yao kulima karanga Kongwa, Urambo na kwetu. Mvua na udongo vikawashinda, mwaka 1951 wakakunja jamvi. Miaka tisa baadaye, mwaka 1960, batamzinga zaidi ya 100,000 wakafa kwao Uingereza, hakuna anayejua wamekufa na nini. Walipofuatilia wakakuta chakula cha batamzinga hao kilichotengenezwa kwa mashudu ya karanga kutoka Brazil. Ndipo sumukuvu ilipojulikana. Huwa najiuliza, kama mashamba ya Nachingwea yangefanikiwa, mashudu yale yangetoka wapi.

Sasa kazi yenyewe. Watu wanadhani ni kukaa na hadubini na koti jeupe. Hiyo ni sehemu ndogo, tena ndiyo rahisi. Kazi ngumu iko ghalani, kwenye kuchukua sampuli, na mimi niliijua kwa kuharibu.

Nilikuwa na mwaka wa pili kazini. Nikapelekwa kwenye ghala moja, sitalitaja, kupima karanga za kikundi cha wakulima waliokuwa wamepata mnunuzi mzuri. Mchana, joto, bati limewaka. Nikachukua kwenye magunia ya mlangoni, nikateka juu juu, nikaenda zangu. Majibu yakatoka safi, nikasaini. Mnunuzi naye alipopima upya akakuta sumu imezidi mara kadhaa, mzigo wote ukarudi. Wale wakulima hawakunitukana. Mwenyekiti wao aliniuliza kitu kimoja tu: "Sasa bwana mdogo, zile ulizopima wewe zilikuwa karanga za nani?"

Niliporudi maabara, fundi sanifu wetu, mzee ambaye hakuwa na shahada yoyote, akaleta debe la karanga. Akachukua punje tano, akazipaka rangi ya kucha nyekundu ya mkewe, akazitumbukiza, akalitikisa debe. Akanipa kikombe: "Teka, niambie kama debe hili lina nyekundu." Nikateka mara kumi na moja. Sikuona hata moja.

Hivyo ndivyo sumukuvu inavyokaa. Haienei kama chumvi kwenye mchuzi. Iko kwenye punje chache, na hizo chache zimejaa. Kiwango cha mwisho kinachokubalika Afrika Mashariki ni maikrogramu 10 za sumukuvu zote kwa kilo moja, na B1 peke yake isizidi 5. Wanunuzi wa Umoja wa Ulaya wanabana zaidi: 4 kwa zote na 2 kwa B1 kwenye karanga za kuliwa moja kwa moja. Piga hesabu nami. Gunia la kilo 100 likibeba miligramu moja tu ya sumu limeshafika kikomo chetu. Zimewahi kupatikana punje ambazo sumu ni sehemu moja ya elfu ya uzito wake; punje ya nusu gramu ya namna hiyo inabeba nusu miligramu. Kwa hiyo punje mbili zinatosha kulimaliza gunia zima, na gunia hilo lina punje kama laki mbili. Unaona kwa nini kikombe changu cha mlangoni kilikuwa mzaha? Siku hizi nachoma bambo, kile chuma cha kutolea sampuli guniani, juu, katikati na chini, gunia baada ya gunia, hadi yale yaliyobanwa na ukuta nyuma kabisa, nakusanya kilo nyingi, nasaga zote pamoja ndipo napima kijiko. Wabebaji wa ghala wananichukia. Wana haki, magunia ni mazito.

Narudi kwa baba na hilo neno lake, kutupa. Karanga zikikataliwa zinakwenda wapi? Hilo ndilo swali lililonikaa kooni kuliko lolote katika kazi hii. Kuchambua kwa mkono kunasaidia mno. Ukitoa zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zilizotobolewa na wadudu, umetoa sehemu kubwa ya sumu. Nyinyi akina mama mnaijua kazi hiyo kuliko mashine. Lakini tazama kile kilichobaki pembeni ya ungo. Nzuri zimeingia kwenye kiroba cha kuuza. Zile mbaya hakuna anayezimwaga shimoni, si katika nyumba ambayo mwezi wa pili ilikula ming'oko, viazi vya porini, ili ifike mavuno. Zinapigwa kinu zinaungwa kwenye kisamvu, ambako rangi haionekani tena. Au zinauzwa bei ya chini kwa msagaji, zinarudi dukani zikiwa karanga za kusaga ndani ya kopo. Au wanapewa kuku. Mimi ukaguzi unaosafisha mzigo wa kwenda nje na kuyaacha makapi kijijini siuhesabu kuwa ni usalama wa chakula. Umeihamisha sumu tu, kutoka kwa mtu mwenye daktari hadi kwa mtu asiye naye. Nimelisema hilo kwenye vikao na si mara zote nimeitwa kikao kilichofuata.

Kwa hiyo tunarudi nyuma zaidi, shambani. Karanga zikipigwa na jua la ukame wakati zinajaza, ganda linapata nyufa na kuvu anaingia zikiwa bado ardhini. Kupanda mapema, mbegu inayowahi, kung'oa kwa wakati, kukausha juu ya turubai au kichanja badala ya udongo mtupu, hivyo vinafanya kazi kubwa kuliko maabara yangu yote. Kuna na dawa ya kushangaza kidogo, Aflasafe. Ni kuvu yuleyule flavus, ila wale wa jamii isiyotoa sumu, waliobebeshwa kwenye punje za mtama zilizouawa zisiote. Unamwaga kama kilo nne kwa ekari, wiki mbili tatu kabla mazao hayajatoa maua, na hao wasio na sumu wanawahi nafasi, wale wabaya wanakuta nyumba imejaa. Nilipoieleza mara ya kwanza kijijini mzee mmoja akasema, "Yaani unatuletea mwizi atulindie na wezi." Sijapata maelezo bora kuliko hayo hadi leo.

Sayansi ya chakula si karanga tu, na hapa niuguse muhogo maana ndio ugali wa wengi wetu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mkoa huu wa Mtwara ulipata wagonjwa wa konzo: mtu mzima wa afya au mtoto analala salama, anaamka miguu imekakamaa, na haiponi tena. Inatokana na sianidi, sumu ya muhogo mchungu ulioandaliwa haraka haraka mwaka wa njaa, kwa watu wasio na samaki wala kunde za kutosha. Dawa iliyosambazwa vijijini baadaye ilibuniwa na mwanasayansi mmoja wa Australia, Howard Bradbury, na ni rahisi hadi inatia aibu. Unga wa muhogo unaumwagia maji kidogo, unachanganya uloane, unautandaza kwenye sinia au mkeka, tabaka jembamba lisilozidi sentimita moja. Saa mbili juani, au tano kivulini. Kimeng'enya cha muhogo wenyewe kilichobaki ndani ya unga kinaamka, kinavunja kile kinachoficha sianidi, nayo inapaa hewani. Kisha unasonga ugali siku hiyohiyo, usiulaze. Huo ndio utafiti ninaoupenda: umeanzia kwenye maabara ya mbali, ukaishia kwenye sinia la mama, bila kununua chochote.

Je, kazi huku kusini ipo? Ipo, ingawa si nyingi, na sitakudanganya. Kituo cha TARI Naliendele, cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo, kiko nje kidogo ya mji wa Mtwara, na ndicho kinachobeba utafiti wa korosho nchini, pamoja na karanga na ufuta. Mbegu za karanga kama Pendo, Mnanje na Mangaka zimetoka pale. Korosho zenyewe ni somo zima la vijidudu. Baba yake, kama ana umri wangu, anakumbuka jinsi zao lilivyoanguka kutoka tani zaidi ya 145,000 msimu wa 1973/74 hadi kama 16,000 katikati ya miaka ya 1980. Sababu zilikuwa nyingi, siasa na bei zikiwemo, lakini ubwiriunga, ule ugonjwa wa mikorosho, ulikuwa mojawapo, na huo nao ni kuvu. Salfa anayopulizia alfajiri, ile inayompaka uso manjano, anapigana na nani kama si huyo? Mnyauko wa korosho uliogunduliwa Mkuranga mwaka 2012 nao ni kuvu, anaishi udongoni, na huyo salfa haimtishi hata kidogo. Mwambie mzee hivi: amekuwa akipigana na ukungu miaka yote, binti anakwenda kujifunza jina la adui.

Nje ya utafiti kuna Shirika la Viwango, TBS, lililochukua kazi ya kusimamia usalama wa chakula mwaka 2019. Kuna mamlaka ya afya ya mimea inayokagua mazao bandarini na mipakani, na sisi tuna mpaka na Msumbiji wa Mtambaswala, pale Daraja la Umoja. Kuna halmashauri, viwanda vya kubangua korosho, miradi inayokuja na kuondoka. Na Lindi kuna ufuta, ambao mimi naona ndio utakaowapa vijana hawa kazi. Bakteria wa salmonela anaweza kukaa kwenye mbegu kavu miezi na miezi bila kufa, na mizigo ya ufuta kutoka nchi kadhaa za Afrika imezuiwa Ulaya kwa ajili yake. Ukiona matita ya ufuta yamesimamishwa shambani, mbuzi wanapita katikati, kuku juu ya turubai wakati wa kupura, basi umeona kazi ya miaka kumi kwa mtu mwenye hamu.

Ila ajira ya serikali inapita kwenye mfumo wa maombi na inaweza kuchukua muda mrefu. Amalize shahada, na kama ana nguvu aongeze ya uzamili, Sokoine palepale au Chuo cha Nelson Mandela Arusha. Wakati anasubiri asikae. Mtu anayejua kupima unyevu, kufungasha na kuandaa kiwanda kidogo cha siagi ya karanga kipate alama ya TBS hakosi mteja. Mshahara hautajenga ghorofa. Utasomesha wadogo zake.

Jambo moja la kumsisitizia ni hesabu, hasa takwimu. Wanafunzi wengi wanazikimbia wakidhani biolojia itawaficha, kisha wanafika ghalani na kikombe kama mimi. Lingine ni lugha. Ajifunze kueleza kila anachokisoma kwa maneno ya kwako. Likizo ya kwanza mwambie akuonyeshe kipimo cha chumvi: chupa ya kioo kavu kabisa, anajaza robo ya mahindi, anatia chumvi iliyokaushwa, anafunga, anatikisa dakika mbili tatu, anaiacha itulie. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado mabichi, yarudi juani. Akiweza kumfanya baba yake atikise hiyo chupa mwenyewe, ana kipaji.

Umeuliza kama vijidudu vitamdhuru. Maabara ina taratibu zake: glavu, barakoa, kabati maalumu linalovuta hewa ili vumbi la kuvu lisimfikie puani, na sumu yenyewe tunaishughulikia ikiwa kwenye kimiminika, si unga. Akiwa mjamzito aseme mapema, apangiwe kazi nyingine. Hakuna kula wala kunywa chai mle ndani, hata siku ya baridi ya Morogoro. Akifuata hayo yuko salama kuliko yule anayesaga karanga zile mbaya jikoni.

Hatari iko njiani. Miaka yote hii kuvu hawajaniumiza hata mara moja, lakini bodaboda iliyonibeba na sampuli zangu kutoka Kitangari, njia ina utelezi, ilitumwaga wote kwenye mfereji, mimi, dereva na viroba sita. Sampuli zililowa, ikabidi nizirudie zote wiki iliyofuata, mguu ukiwa na plasta. Mnunulie kofia ngumu ya kwake mwenyewe, zile za madereva hazifungi.